Nguzo ya Bi Tunu katika Nchi ya Wima

Njia iliyonifikisha Wima sitaieleza, maana haina la ajabu, na mwenye hamu ya kufika atafika. Nitaeleza niliyoyaona, na kitu cha kwanza nilichokiona ni milango.

Katika nchi ya Wima hakuna mlango ulionyooka. Miimo hushuka vizuri kutoka juu, ikifika katikati hutokeza kama shavu la mtu anayetafuna muwa, kisha hurudi ndani na kuendelea hadi chini. Madirisha nayo ni hivyo hivyo. Meza zina bonde, na watoto hufundishwa mapema kushika kikombe chao mkononi ili chai isiwakimbie. Hata rula za shule zina kitumbo katikati. Watu wenyewe ni wapole na wakarimu, nao hutembea wameegemea upande kidogo kwa kuzoea ngazi zao.

Nilidhani ni urembo. Nilipouliza, niliambiwa kwa adabu kabisa kwamba hapa kila kitu kimenyooka, na kwamba kimenyooshwa kwa kazi kubwa.

Nilifikia kwa mama mmoja mjane aitwaye Bi Tunu, mshonaji wa mikeka, aliyeishi na binti yake Mashavu. Mimi ni mtu wa haya. Nikisemeshwa huangalia vidole vya miguu, na mgeni wa namna hiyo huwapa wenyeji taabu. Bi Tunu hakuona taabu. Alinipokea kibarazani, akaniketisha kwenye mkeka na kuniambia, "Shikamoo yako nimeisikia, mwanangu, ingawa umeisalimia sakafu. Karibu. Hapa hatuli watu, siku za kawaida."

Mashavu ndiye aliyenieleza sheria ya nchi, tukiwa tunachambua mchicha. Sheria kuu ya Wima ina maneno mawili tu: Mzee hakosei. Zamani, alisema, kijana mmoja alimkatiza baba yake mbele ya wageni na kumwambia amekosea. Baba hakugomba. Alinyamaza, na hakusema neno tena mpaka alipokufa. Nchi nzima ililia. Baada ya matanga wakaitunga sheria, nao wakaitunga kwa machozi, ndiyo maana ikawa ngumu kuitengua.

"Sasa mzee akisema mlango umepinda?" niliuliza.

"Umepinda."

"Hata kama haujapinda?"

Mashavu alinitazama kama mtu anayemhurumia yatima. "Mgeni, utajuaje kwamba haujapinda, na mzee keshasema?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wazee wa Wima, wakifika umri fulani, wengi wao huanza kuona mistari ikijikunja. Mmoja huona mlango umeota kitambi, mwingine huona ukuta una mawimbi. Akisema tu, huja mafundi wa Idara ya Kunyoosha. Fundi hukaa na nyundo na tindo, akisogeza mbao huku akiuliza, "Hapa, baba? Hapa, mama?" mpaka mzee aseme, "Hapo hapo!" Kisha watu hupiga vigelegele na chakula huliwa. Nyumba huachwa imepinda, na mzee huachwa na jicho lile lile.

Siku ile ile ya kufika kwangu Bi Tunu alimimina chai. Aliimimina kwa mkono wa mtu aliyemimina chai maisha yake yote, na nusu yake ikaingia kwenye kikombe. Mashavu alisogeza kitambaa bila kusema neno, akafuta. Nikaelewa kwamba kitambaa kile hukaa pale kila siku.

"Mashavu," mama yake akasema, akiwa ameelekeza uso kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, "hii nguzo imekuwaje? Juzi ilikuwa nzima. Leo ina tumbo kama la mjumbe wa baraza."

"Ndiyo, mama."

"Haitanizalia humu ndani. Waite mafundi."

"Ndiyo, mama," alisema Mashavu, lakini aliinua macho kwenye paa.

Nguzo ile ndiyo iliyobeba paa. Nilikuwa nimeiona nilipoingia, kwa sababu ilikuwa imeshasogezwa zamani kwa ajili ya bibi yake Mashavu, na tena kwa ajili ya baba yake, na sasa ilisimama juu ya kipande cha jiwe kisichozidi kiganja. Boriti juu yake ilikuwa imeanza kutoa ufa.

Mkuu wa Idara ya Kunyoosha, Bwana Kombo, alikuja mwenyewe siku hiyo hiyo, maana Bi Tunu alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alikuwa mzee mnene, mcheshi, mwenye fimbo ya mpingo. Mafundi wake waliizunguka nguzo. Kila mmoja alifumba jicho moja, kama mafundi wafanyavyo popote, akaitazama kuanzia chini hadi juu. Kisha mkubwa wao akamvuta Bwana Kombo pembeni, karibu na nilipokaa, kwa hiyo nilisikia.

"Mkuu, hii tukiisogeza tena, paa linakuja."

"Mzee amesema imepinda?"

"Amesema."

"Basi sogezeni."

"Na paa?"

Bwana Kombo alifikiri kwa dhati. "Paa," alisema, "halijalalamikiwa na mzee yeyote."

Wakakubaliana waanze kesho yake asubuhi, na kwamba wenye nyumba wakae mlangoni, kwa usalama. Bi Tunu alisema yeye hatakaa mlangoni. Nguzo ni ya kwake, na ni lazima awepo karibu aseme "hapo hapo", la sivyo watajuaje? Sheria ilikuwa upande wake. Mashavu alikwenda jikoni. Nilimfuata, nikamkuta ameshika mwiko na hapiki chochote.

"Mwambie," nilimnong'oneza.

"Nimwambie nini? Kwamba amekosea?" Akageuka. "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Basi usiniambie rahisi hivyo."

Nikaenda nje kutembea.

Mwisho wa mtaa ule niliiona nyumba iliyonishtua. Baada ya kuzoea milango ya Wima, macho yangu yalikataa kuielewa: miimo yake ilishuka moja kwa moja mpaka chini. Wapita njia walikuwa wakiitazama kwa masikitiko. "Maskini tabibu," mama mmoja aliniambia, "nyumba yake imepinda yote, na hana mzee wa kumwonyesha."

Mwenye nyumba alikuwa Tabibu Sikudhani, mwanamke mrefu aliyekuwa akifuta vumbi kwenye kiti cha wagonjwa. Kiti kilikuwa kipya kwa kutokaliwa.

"Mgonjwa wangu wa mwisho alikuwa mbuzi," alisema. "Alinishukuru kwa kula pazia. Kaa. Unaumwa macho?"

Nilimweleza habari za Bi Tunu, nikiongea na miguu ya kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachovya kidole kwenye maji na kuchora duara juu ya meza. Meza yake ilikuwa tambarare, maji hayakukimbia.

"Nyuma ya jicho kuna utando," alisema. "Picha zote huangukia hapo. Katikati ya utando kuna sehemu ndogo sana, nayo ndiyo inayosoma, inayotunga uzi kwenye sindano, inayotambua huyu ni Mashavu na si jirani. Umri ukienda, sehemu hiyo huchakaa. Kwa wengi huchakaa polepole, kama rangi ya kanga inavyopauka, na mtu hata hajui, kwa sababu jicho la pili humfichia mwenzake aibu. Lakini kwa wengine, chini ya utando huota vijishipa dhaifu, vinavuja, utando unavimba. Ukuta ukivimba, picha iliyotundikwa juu yake inakuwaje?"

"Inajikunja."

"Nguzo inaota kitambi. Na hilo likija ghafla, halisubiri. Likiachwa linaacha kovu, na katikati inakwenda moja kwa moja."

"Atapofuka?"

"Giza tupu, hapana. Pembeni kutabaki. Ataona mlango, ataona njia, ataona kuwa kuna mtu. Asiweze kuona ni nani." Akafuta duara lile kwa kiganja. "Si mtoto wa jicho huyo, tungemtoa. Hili halitolewi. Lakini ugonjwa huu wa kuvuja, ukiwahiwa, kuna sindano ya kuuzuia."

"Sindano wapi?"

"Kwenye jicho."

Nadhani nilitoa sauti, kwa sababu alicheka. "Kila mtu hufanya hivyo hivyo. Tunatia dawa ya ganzi kwanza. Wengi husema kusubiri ndiko kunakouma."

Nilimwomba aje kwa Bi Tunu jioni ile ile. Akatikisa kichwa. Sheria ya Wima inamkataza tabibu wa macho kumfuata mzee. Mzee akija kwa miguu yake, sawa. Na wazee hawaji, maana macho yao hayana neno, ni nchi ndiyo inayopinda.

"Siwezi kumwambia amekosea," nilisema. "Mimi ni mgeni, na mdogo, na..." Sikumaliza.

"Na una haya. Nimeona." Alisema kwa upole. "Kumwambia kumekatazwa. Kumuuliza hakujakatazwa, wamesahau tu. Muulize anachoona jicho moja likifumbwa."

Wakati wa kula nilikuwa na swali mdomoni pamoja na ugali, nikameza vyote viwili. Bi Tunu alikuwa mchangamfu. Alivuta kiko chake, akatusimulia harusi yake, akamtania Mashavu kwamba anapika mchicha kana kwamba unamdai. Kisha akasema, kama mtu anayesema na moshi, "Siku hizi Mashavu amekuwa sauti tu. Sauti nzuri. Lakini mtoto nilimzaa na uso."

Mashavu aliacha kutafuna. Nami nikaangalia vidole vyangu, nikajichukia.

Asubuhi mafundi walifika na nyundo. Bwana Kombo alifika na wazee wa baraza, kwa sababu kunyoosha nguzo kuu ni sherehe. Bi Tunu alivaa kanga mpya, akakaa karibu kabisa na nguzo, chini ya ule ufa. Fundi mkubwa alifumba jicho moja kuipima nguzo kwa mara ya mwisho, na hapo ndipo nilipojikuta nimesimama. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye kisimani.

"Mama, samahani. Na wewe ukifumba jicho moja kama fundi, nguzo inakuwaje?"

Mjumbe mmoja alimuuliza mwenzake kama hilo ni kosa. Mwenzake akasema ni swali, naye hakumbuki sheria juu ya maswali.

Bi Tunu alicheka. "Mgeni anataka kunifanya seremala." Akafunika jicho la kulia kwa kiganja. "Hivi? Ina tumbo. Tumbo kubwa." Akahamisha kiganja na kufunika la kushoto.

Akausogeza uso karibu na nguzo.

"Mama?" Mashavu akasogea.

"Nguzo haipo," Bi Tunu alisema taratibu. "Juu ipo, chini ipo. Katikati kuna doa, kama mtu ameweka kidole." Alifunika tena jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia. Wajumbe walikuwa wakimfuata kwa vichwa. "Huku ina kitambi. Huku haina hata tumbo la kuweka kitambi. Nguzo ni moja, jamani. Nguzo moja haiwezi kushiba na kufa njaa kwa wakati mmoja."

Akanyoosha mkono. Mikono ile ilikuwa imeshona mikeka miaka yote bila kuulizwa kitu, ikijua ukili ulipolegea hata kabla ya jicho kujua. Alianza juu kadiri alivyofikia, akaishusha mikono yote miwili kwenye mti ule, polepole, mpaka chini. Kisha akapandisha. Kwenye kile alichokiita tumbo mikono ilipita bila kusita.

"Imenyooka," alisema. Na kwa sauti nyingine: "Ni mimi."

Mashavu alipiga magoti akamshika. Mafundi walishusha nyundo. Lakini serikali ni serikali, na Bwana Kombo alikohoa.

"Bi Tunu, samahani sana. Kuna jambo la kisheria. Jana ulisema nguzo imepinda. Mzee hakosei, kwa hiyo imepinda. Leo unasema imenyooka. Mzee hakosei, kwa hiyo imenyooka. Tufanyeje?"

Mjadala uliofuata nauandika kwa ufupi, ingawa haukuwa mfupi. Mjumbe wa kwanza alisema nguzo isogezwe nusu. Wa pili alisema mzee akikiri kwamba amekosea, basi amekosea kukiri, kwa hiyo hakukosea, kwa hiyo paa lianguke. Wa tatu aliomba aelezwe upya, akaelezwa, akaomba maji. Vumbi jembamba lilikuwa likidondoka kutoka kwenye ufa, likitua kwenye mabega yao, nao walilipangusa huku wakiendelea.

Mwishowe Bi Tunu alipiga sakafu kwa kiganja.

"Kombo! Jana nilikuwa na umri gani?"

"Wa... wa jana, Bi Tunu."

"Na leo?"

"Umeongezeka siku."

"Basi jana nilikuwa mdogo. Wadogo hukosea. Leo nimekua. Nani hapa ni mkubwa kuliko mimi wa leo?"

Wajumbe walitazamana. Hakuna aliyepata kuona kifungu kinachopinga hilo. Bwana Kombo alifungua mdomo, akaufunga, kisha akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika, na mafundi wakacheka kwa kuwa mkuu amecheka, halafu kwa kuwa walikuwa wameogopa.

"Mashavu," Bi Tunu alisema, akijiinua, "nipe viatu. Nani anajua ilipo ile nyumba iliyopinda?"

Alikwenda kwa miguu yake, amenishika mkono wa kulia na Mashavu wa kushoto, na sheria haikuwa na la kusema. Mkono wake ulikuwa baridi. Mlangoni pa tabibu aligusa mwimo, akateremsha kidole, akasema, "Kumbe hivi ndivyo milango ilivyo. Inachosha kidogo."

Tabibu Sikudhani alimpima, akamweleza bila kumpaka mafuta. Jicho la kulia lilikuwa limechakaa zamani, katikati yake haitarudi. La kushoto ndilo linalovuja, nalo limewahiwa. Atadungwa, na atarudi kudungwa tena na tena, pengine kwa muda mrefu. Sindano haileti ujana, inazuia tu wizi usiendelee.

"Na hicho kiko," tabibu aliongeza, "ukiache. Moshi unalisaidia gonjwa hili kuliko kitu chochote unachoweza kukiacha."

"Yaani sindano ya jicho nimeikubali," Bi Tunu alilalamika, "na bado unataka na kiko?"

Lakini alikitoa mfukoni. Akampa Mashavu, naye akakishika kama aliyepewa kifaranga.

Baada ya sindano machozi ya dawa yalimtoka. "Ilikuwaje, mama?" Mashavu aliuliza, yeye ndiye aliyekuwa karibu kuzirai.

"Kama kuchelewa kufika harusini," Bi Tunu alisema. "Wasiwasi mwingi njiani, ukifika wameshakula."

Nilikaa nao kipindi kirefu kuliko nilivyopanga. Nguzo iliachwa, mafundi wakaifungia boriti mbao na kuiwekea nguzo jiwe pana chini. Kitumbo kwenye macho ya Bi Tunu kilipungua, hakikuisha. Alijifunza mambo madogo ambayo tabibu alimfundisha: taa iwe karibu na kazi na si juu darini, chai nyeusi imiminwe kwenye kikombe cheupe, na kikombe cheupe kikae juu ya sinia jeusi, maandishi yasomwe kwa kioo cha kukuza. Alikula mchicha na samaki, akisema yote hayo alikuwa akila tangu zamani na sasa wamempa amri. Kila asubuhi alitundika mkeka wa miraba aliokuwa ameushona mwenyewe, akafunika jicho moja, kisha la pili, kuona kama kuna mstari ulioanza ukorofi mpya. Ukianza, ni safari ya kwa tabibu siku hiyo hiyo.

Majirani walianza kuja kuutazama mkeka huo, kila mmoja akidai amemsindikiza mwenzake. Siku moja nilimwona Bwana Kombo barabarani, peke yake. Alishika fimbo yake ya mpingo mbele ya uso, akatazama huku na huku, akafumba jicho moja. Kisha la pili. Alisimama pale kidogo. Halafu akashika njia ya nyumba iliyopinda, akitembea haraka kama mtu anayejifanya hana haraka.

Nilimuuliza Mashavu kama sasa watainyoosha milango yote ya Wima. Alishangaa. Akanipeleka kwenye mlango wa chumba cha ndani, ule wenye shavu kubwa kuliko yote, akaupitisha mkono wake kwenye ule mviringo.

"Huu ni wa bibi," alisema. "Alipokuwa hai tuliusogeza mpaka akasema hapo hapo. Hivi ndivyo alivyouona. Hatukumsaidia, mgeni, sasa najua. Lakini uongo huu tuliuchonga kwa kumpenda. Mpya hatutachonga. Wa zamani utuachie."

Nilipita kwenye mlango ule nimejipinda kidogo, kama wao.

Siku ya kuondoka Bi Tunu alinisimamisha kibarazani, asubuhi, jua likiwa linanipiga usoni. "Nimekulisha siku zote hizi na sijakuona vizuri," alisema. "Tabibu ameniambia nisimtazame mtu usoni. Katikati yangu imechoka, pembeni ndiko kuliko na nguvu. Ngoja."

Aligeuza kichwa polepole, akitafuta, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Alipita bega langu, akarudi, akatua kwenye sikio langu la kushoto. Hapo akatulia. Mtu wa kupita angedhani anaangalia hereni.

"Hapo hapo," alisema.

Maisha yangu yote nimeinamisha kichwa watu wakinitazama. Mama huyu alilitazama sikio langu kwa muda mrefu, huku tabasamu likimpanda taratibu, na nilijua kabisa kwamba ananiona. Nilikaa nimeinua uso mpaka alipomaliza.